Mlango wa Chumba cha Nne

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hapa kijijini hakuna asiyejua, kwa hiyo niseme mapema: sitaki mtu aniambie kwamba ule ulikuwa mchezo tu. Nimeshaambiwa hivyo na watoto wangu, nikaambiwa na mchungaji, na mke wangu ananiambia kila akiniona nimekaa na chakula mbele yangu sili. Mchezo! Mchezo gani unaoamua nani abaki na mkewe na nani apande lori la kwenda vitani?

Lakini ukitaka kunielewa, lazima kwanza nikueleze habari ya mama mkwe. Kwetu, enzi zile, mtu hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mihogo hadi apite. Jina lake hulitamki. Hata kama jirani analo jina hilohilo, unatafuta namna ya kulizunguka. Hamli pamoja, hamkai chumba kimoja. Ukiwa na neno la lazima unamtuma mtoto, na kama mtoto hayupo unakiambia chochote kilicho karibu, kuku au mbuzi au hata mtungi: "Wewe mbuzi, waambie wenye nyumba kuni zimeletwa." Naye anajibu kwa mbuzi huyohuyo: "Mbuzi, sema asante." Mgeni akisikia anacheka mpaka anashika mbavu. Sisi hatukucheka, maana ile haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, tena nzito kuliko ile unayompa mama yako aliyekuzaa.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Kila ukoo ulikaa kwenye migomba yake, mkwe kilima kile, wewe kilima hiki, na njia zilikuwa nyingi. Kisha vikaja vijiji vya Ujamaa. Tukahamishwa, tukaletwa huku Bisibo, nyumba zikapangwa mistari kama matuta ya viazi. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, watu wake walitoka Mbuba kule Ngara wakaja kutafuta ardhi. Bwana mpimaji akavuta kamba yake, akampa kiwanja cha tatu kutoka changu. Nilimfuata nikamwambia, bwana, hili haliwezekani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema, "Ndugu, Ujamaa hauna mkwe." Tangu siku hiyo nikawa napita nyuma ya vyoo vya watu kwenda kisimani, na kwenye shamba la kijiji nalima mwisho wa huku yeye akilima mwisho wa kule. Watu walishazoea, walikuwa wakinitania tu.

Vita vilipoanza, sisi tulikuwa mbali na mpaka uliovamiwa, lakini si mbali sana. Tuliona watu wanashuka kutoka kaskazini na magodoro vichwani, mama mmoja na cherehani mgongoni mahali pa mtoto. Mabasi yaliyokuwa yakienda Kabanga yakachukuliwa kubeba askari, chumvi ikapotea dukani. Tangazo likatoka: kila nyumba itoe mtu wa kwata. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na watu wawili, yeye na mwanawe wa pekee, na wote wawili wakajitokeza, kwa sababu yeye hakuwa mwanamke wa kukaa jikoni wakati wengine wanachimba mahandaki. Hakuwa amefika hata arobaini. Alikuwa na mikono ya kuchimba, na alichimba kuliko wanaume wengi waliokuwa pale, mimi nikiwamo.

Mkufunzi wetu tulimwita afande tu. Alikuwa mtu wa mikoa ya kusini, anachechemea mguu wa kushoto, hana mzaha, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote ukitujumlisha. Siku ya kwanza akatusimamisha kwenye uwanja wa mpira wa shule na bunduki zetu za mbao, akatueleza jambo lililonitoa usingizi mwezi mzima. Vijana wenye nguvu wa kijiji hiki, akasema, wataondoka. Lori litakuja. Atabaki mmoja wa kuongoza ulinzi, kupanga zamu kwenye mahandaki na kupokea wakimbizi. Huyo lazima ajue kusoma na kuandika vizuri, na lazima afaulu mtihani wa ukamanda.

Waliomaliza darasa la saba kwa umri wetu walikuwa wawili tu: mimi, na yule mwana wa pekee wa mama mkwe wangu. Shemeji yangu.

Tulikuwa tunapendana, nisidanganye. Tulitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, aliniita mwizi kwa sababu nilimwibia dada yake, nami nikamwita ndama asiyeachishwa ziwa. Lakini mimi nilitaka kubaki. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu, na ni ya kweli. Ya pili sikumwambia mtu: nilikuwa naogopa. Nikisikia ngurumo ya mvua tumbo lilikuwa linanikatika, nikisema ni mabomu.

Basi mtihani wenyewe. Afande alikuwa amekatazwa kuchora ramani chini. Barabara, daraja, mto, hata kilima, wilayani walisema visichorwe mbele ya watu kwa sababu ya wapelelezi. Sasa utamfundishaje mtu kuamuru bila kumchorea mahali? Afande akafikiri, akapata lake. Akaagiza majivu ndoo tatu, akachora uwanja mzima umbo refu kama mtumbwi, akaligawa vyumba vinne, akasema, "Hiki ni chombo cha angani. Kinakwenda kwenye nyota. Hakuna mpelelezi atakayekiuza."

Watu walicheka! Tulikuwa tumesikia redioni habari za watu waliotua mwezini, na wengi hawajaamini mpaka leo. Mzee mmoja, balozi wetu wa nyumba kumi, akanyoosha mkono. "Shikamoo afande, ingawa wewe ni mdogo kwangu. Huko kwenye nyota tunakwenda na majembe?" Afande akajibu kwa utulivu kwamba huko hakuna udongo. "Basi tutakula nini?" Mwingine akauliza kama kule juu pia watatupimia viwanja. Lakini afande hakucheka, na taratibu sisi nasi tukaacha.

Akatupanga. Chumba cha kwanza usukani, hapo anasimama kamanda na hatoki. Cha pili injini, cha tatu hewa ya kupumua, maana nje ya chombo hicho hakuna hewa hata ya kujaza kibofu. Cha nne abiria sita, wanawake na vijana. Mlango kati ya chumba cha tatu na cha nne ulikuwa mlango kweli, wa matete, ulioletwa kutoka banda la mtu, na mlinzi wake anaufunga akiwa upande wa ndani, wa chumba cha nne. Afande akatafuta mlinzi wa mlango. Akapita kwenye mistari akichagua kwa macho, akamchagua mtu aliyemwona ana bidii kuliko wote. Akamchagua mama mkwe wangu.

Nikasema moyoni, Mungu wangu, yamenikuta.

Mtihani ulikuwa hivi. Afande anapuliza filimbi, anatangaza, "Jiwe limegonga! Hewa inavuja chumba cha nne!" Halafu anahesabu hadi kumi kwa sauti. Mlango ukifungwa kabla ya kumi, walio chumba cha nne wanakufa, pamoja na mlinzi, na waliobaki wanaishi. Usipofungwa, chombo kizima kinakufa. Hatoki mtu, chumba cha tatu hakina nafasi. Mlinzi hafungi mpaka kamanda aamuru. Mtu mmoja akalalamika kwamba mtihani huo hauna jibu zuri. "Ndiyo," afande akasema. "Sitafuti anayeokoa watu. Natafuta anayeamua."

Shemeji yangu akatangulia. Filimbi ikalia. Alisimama pale penye usukani, ambao ulikuwa ungo uliopigiliwa kwenye mti, na nikamwona anatazama mlangoni aliko mama yake. Afande alipofika nne, kijana akaacha ungo, akakimbia kuvuka injini, akavuka hewa, akamshika mama yake mabega akamtoa, akaingia yeye, akavuta mlango. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Afande akangoja vigelegele viishe, kisha akauliza, "Nani anaendesha chombo?" Akauonyesha ungo uliobaki peke yake. "Kamanda yuko chumba cha nne, amekufa. Chombo hakina mtu. Wote mmekufa. Kaa chini."

Zamu yangu. Nilishika ungo nikiwa nimeugeuzia mgongo mlango, kwa sababu sikuweza kumtazama. Filimbi ikalia. Moja, mbili. Nilijua la kusema, neno moja tu: funga. Tatu, nne. Mdomo ukafunguka, neno likakataa kwenda upande ule. Kando ya goli kulikuwa na mbuzi wa mwalimu mkuu amefungwa kamba anakula nyasi. Tano, sita. Nami, kwa mazoea ya miaka yote ile, nikamgeukia, nikapaza sauti ya ukamanda kabisa:

"Wewe mbuzi! Waambie walio mlangoni wafunge!"

Nikisimulia hivi najicheka, lakini sikiliza: pale uwanjani kila mtu alielewa. Mama mkwe alielewa, akauinua mlango. Aliyekuwa haelewi ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akihesabu. Aliona mtu anafanya kejeli mbele ya kijiji. Akaacha kuhesabu, akaja na mguu wake ule hadi pale, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi nina wazimu. Akanirusha kichura kuzunguka uwanja mzima mara mbili, mtu mzima, mke wangu amekaa pembeni anatazama.

Balozi ndiye aliyemweleza. Wakakaa chini wawili wakazungumza, na nilipomaliza kuruka afande akaniita. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema mbele ya wote, "Nimeelewa mila yenu na ninaiheshimu. Ila risasi haisubiri mbuzi. Kesho mnarudia nyote wawili. Amri itoke kwenye mdomo wa kamanda, iende kwa mlinzi akimtazama, kwa jina lake. Mlinzi asitii sauti nyingine yoyote. Atakayefaulu kwanza ndiye atakayebaki, na hakuna kurudia mara ya tatu." Tukavuta vijiti, mimi nikapata cha kutangulia.

Jioni ile baba yangu alikuja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Mkubwa ni jaa, kila takataka inatupwa kwake. Ila kuna takataka mtu hajitupii mwenyewe." Akaondoka bila kumalizia ndizi alizoandaliwa. Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anamenya, kisu kinakwenda upesi upesi.

"Nifanyeje?" nikamwuliza.

"Usiniulize mimi."

"Ni nani basi nimwulize?"

Akatupa kisu chini. "Huyu ni mume wangu, yule ni ndugu yangu, yule ni mama yangu! Unataka niseme nini? Niseme umwite mama yangu kwa jina uwanjani kama unavyomwita mbwa? Au niseme nizae huyu wa tatu bila baba? Usiniulize, nimekwambia!" Akalia. Nikatoka nje nikakaa juu ya kinu.

Kesho yake uwanja ulijaa kuliko siku ya mechi. Hata watu wa kitongoji cha pili walikuja, habari za mbuzi zilikuwa zimewafikia. Mke wangu alikuja pia, akakaa kwenye gogo mkono juu ya tumbo. Nilisimama kwenye ungo wangu. Safari hii afande mwenyewe alinishika mabega akanigeuza nitazame mlango.

Nilimwona mama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Ndiyo, nilikuwa nimeoa miaka minne na sikuwa najua uso wake ulivyo. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa na macho ya mke wangu kabisa, hayohayo, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Filimbi. "Hewa inavuja chumba cha nne! Moja. Mbili."

Nikaita jina lake. Nikaliita kwa nguvu zangu zote, bila mama, bila nini, jina tupu alilopewa na baba yake, nikasema, "Funga!"

Nyuma yangu wanawake walisema "Yuuu!" kwa pamoja. Hata mbuzi sijui alikuwa wapi. Tatu. Hakufunga. Nne. Amesimama tu na mlango mkononi, ananitazama. Nikadhani nimemuua kwa aibu, nikadhani ataanguka. Tano, sita. Akageuza shingo akamtazama mwanawe aliyekuwa amekaa kwenye nyasi akingoja zamu yake. Nikaita tena, jina na yote, na sauti yangu ikatoka mbaya, sauti ya mtu anayefukuza kitu shambani. "Funga, nimesema!" Saba. Akatazama upande wa gogo. Nane.

Alipofika tisa akavuta mlango, ukagonga.

"Chombo kimepona," afande akasema. Akanipa mkono. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wakaondoka wawili wawili bila kuniaga, na baba yangu alipita karibu nami akitazama mbele. Shemeji ndiye pekee aliyekuja. Akanipiga begani akasema, "Hongera, kamanda. Mwizi mkubwa wewe." Alikuwa anatabasamu, na mpaka leo sijui alilipata wapi tabasamu lile.

Tulipeleka pombe ya ndizi na jembe jipya nyumbani kwa mama mkwe kuomba radhi, kama desturi inavyotaka. Alipokea kupitia kwa dada yake. Akasema amesamehe, na kwamba tuendelee kuishi kama zamani. Kwa hiyo nikaendelea kupita nyuma ya vyoo.

Lori likaja wiki iliyofuata. Likachukua vijana kumi na wanne. Shemeji alipanda wa mwisho, akanipungia kwa mkono wenye kipande cha muhogo, anatafuna. Mimi nilikuwa na daftari mkononi nikiwataja majina waliokuwa wakipanda, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi ya kamanda. Nilipofika kwa jina lake nilikohoa, nikalisema.

Na ukamanda wangu? Usiniulize. Adui hakufika Bisibo, hata harufu yake hatukuisikia. Nililinda mahandaki yakajaa maji, vyura wakazaana humo, watoto wakaanza kuwavua. Nilipokea wakimbizi, hiyo ni kweli, niliwapangia nyumba za kulala na kuwagawia mahindi. Mke wangu akajifungua salama mtoto wa kike. Nilimshika nikacheka peke yangu kama kichaa, nikasahau kila kitu, na hiyo ndiyo furaha ambayo baadaye niliionea haya kuliko kitu chochote nilichowahi kutenda.

Vita vilipokwisha walirudi kumi na mmoja. Shemeji hakurudi. Tuliambiwa alianguka huko mbali, ng'ambo ya mpaka, na kwamba alikuwa askari mzuri. Hatukupewa cha kuzika. Tukakaa matanga bila maiti, wanaume kwenye moto, wanawake ndani, na kila aliyekuja kunipa pole nilihisi ananiangalia mikono. Mzee balozi akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," akatikisa kichwa, nami nikainuka nikaenda kutapika nyuma ya migomba. Mama mkwe hakulia kwa sauti siku zote zile. Hilo liliwatisha watu.

Kama mwezi baada ya kuanua matanga, nilikuwa nyumbani kwangu peke yangu na mtoto, mke wangu ameenda shambani. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Nikamwona mama mkwe anaingia uani kwangu, ameshika jembe. Nikainuka haraka na mtoto mkononi nikaanza kukimbilia nyuma ya nyumba.

Akaniita kwa jina. "Simama."

Nikasimama, uso ukutani.

"Geuka. Ulishanitazama mara moja, hakuna kilichobaki."

Nikageuka. Alikuwa amekonda, lile kovu limekuwa kubwa kuliko nilivyolikumbuka. Nikaanza kusema nisamehe mama, nilikuwa naogopa, nilitaka kubaki. Maneno yakatoka yote kwa mkupuo, hata lile la tumbo langu na ngurumo. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Nyamaza," akasema. "Unatembea kijijini kichwa chini kana kwamba wewe ndiwe uliyemuua mwanangu. Umejipa ukubwa usio wako. Wewe ulidhani mtihani ule ulikuwa wa nani?"

Sikumwelewa.

"Jioni ile mwanangu alikaa nami jikoni. Akaniambia, mama, kesho nitakuita na wewe funga, safari hii nitaweza. Na angeweza. Mimi nilimzaa, namjua. Kwa hiyo uliponiita wewe, nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Afande angefika kumi, ungeanguka, zamu ingekuwa yake, naye angebaki." Akahamisha jembe toka mkono huu kwenda huu. "Nilisimama. Uliniona nimesimama. Ukadhani ni aibu ya jina? Nilikuwa nachagua. Mwanangu pale kwenye nyasi hana mke wala mtoto. Binti yangu pale kwenye gogo, na tumbo lake, na mawili aliyokwisha kuyapoteza. Nikasema, wa huku akifa nalia mimi peke yangu. Wa kule, wewe, ukifa tunalia watatu. Nikafunga."

Mtoto akaanza kuhangaika, nikamtikisatikisa. Sikujua macho yangu niyapeleke wapi.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Binti yangu usimwambie. Ila nataka kuuliza, na hapa kijijini hakuna mwingine wa kumwuliza, maana ni wewe tu ulikuwepo pale na mimi." Akalishusha jembe chini. "Nilikosea?"

Nikasema, "Hukukosea, mama."

Nilisema upesi mno. Ningengoja kidogo tu, ningehesabu hata mpaka tatu! Neno lilitoka kabla hajafunga mdomo, na lilitoka na furaha yote ya mtu aliye hai, mwenye mtoto wake mkononi na jua linampiga mgongoni. Aliisikia. Niliona alivyoisikia.

"Ndiyo," akasema. "Wewe lazima useme hivyo."

Akamtazama mtoto kitambo, hakumgusa. Kisha akaweka jembe begani akaenda kulima.